Inchi Tatu

Danylo alinunua tairi kwanza, akapima baadaye.
Ndivyo alivyo. Zikaletwa kwa lori kutoka Saskatoon,
mbili, nyeusi, pana kama mikate ya harusi,
na Pontiac ya baba, stesheni-wagoni ya mwaka sitini na mbili,
ikazikataa pale pale: madigadi nje, fremu ndani,
na katikati nafasi ya tairi la mtu mwenye adabu.

"Wewe ndiye mchomeleaji," akaniambia.

Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Ndani ya gereji kuna jiko la kuni, na mbwa, na mimi.

Cha mvunguni huinamiwa; mimi nimekilalia chali.
Tangi la petroli tumelitoa, tumelitupa thelujini,
mbali na cheche, likae huko litafakari.
Nakwangua lami ya miaka sitini.
Chini ya lami kuna udongo, na ndani ya udongo
punje moja ya ngano, ngumu kama jino la utoto.
Naitia mfukoni. Sijui kwa nini.

Mama anaingia na chai, theluji mabegani.
Kwao husemwa: pima mara saba, kata mara moja.
Nimepima mara tisa. Ya kumi anapima mwenyewe
kwa shibiri yake; tepu za dukani haziamini.

Kisha grainda.
Mbwa akaomba mlango.
Nusu ya ndani ya kisima cha gurudumu ikatoka nzima,
mviringo, kama gamba la kobe aliyehama.
Nikaisogeza ndani inchi tatu, hadi ikagusa fremu,
kwa kuwa fremu ndiyo sheria, na kwake hakuna rufaa.
Pengo lililobaki likawa linanitazama.

Kiraka nilikikata kwanza kwa boksi la konfleksi,
kisha kwa bati. Nikachomelea nukta hapa, nukta kule,
nikangoja, nikarudi,
maana chuma chembamba kikikasirika hujikunja
kama mtoto anayekataa koti.

Ukingo wa nje aliukunja Danylo kwa rungu la besiboli,
kalisokomeza kati ya tairi na bodi, mimi nasukuma gari.
Rangi ikalia. Kila ikilia, yeye alifumba macho.

Siku ya nne jioni ndipo nilipoitazama sakafu.
Hapo nyuma ndipo tulipolazwa tukienda Yorkton kwa bibi,
watatu, vichwa mlangoni, miguu kwenye kiti,
Bohdan katikati kwa sababu aliogopa pande zote mbili.
Inchi tatu kushoto, inchi tatu kulia:
ni upana wa mtoto mmoja mwembamba, aliyelala ubavu.

Bohdan yuko kaskazini, kwenye mchanga wa mafuta.
Simu yake huita mpaka ichoke.
Baba alipozikwa alituma maua; bili ya maua ikaja kwetu.

Nikapanda na buti zangu, nikalala. Danylo naye akalala.
Bega kwa bega, na chuma baridi huku na huku.
Wawili tulitosha. Tulitosha kabisa,
na hilo ndilo lililoniudhi.

Mama akakipunguza kiti cha nyuma kwa cherehani yake.
Vipande alivyokata hakuvitupa. Hatupi kitu.

Danylo akapiga picha, akaituma kaskazini bila neno.
Siku mbili kimya. Nikapaka praima, nikaziba maungio.
Usiku wa manane likaja jibu, neno moja:

"Mmenifinya."

Na kabla sijajua kama nicheke, likaja la pili:

"Tairi zimeingia?"

Zimeingia, Bohdan.
Imebaki nafasi ya kidole kila upande.
Kidole changu. Cha Danylo hakipiti.